Kabla ya Kumkabidhi Kijana Ufunguo

Mbaazi zikishauzwa, katika nyumba nyingi za Bagara, hapa Babati, huanza mazungumzo yasiyokwisha kwa siku moja. Kijana amemaliza kidato cha nne au cha sita, ametimiza miaka 18, na amekaa nyumbani miezi kadhaa akisubiri chuo au kazi. Baba anasema anunuliwe pikipiki aingie kijiweni. Mjomba anashauri waongeze fedha wapate gari, IST ya biashara, ijilipe yenyewe. Kijana ana picha ya Mark X nyeupe kwenye simu. Mama anauliza jambo moja tu: ni salama? Hujibiwa kwamba usalama ni wa Mungu, kisha maongezi yanarudi kwenye bei.

Swali la mama lina jibu. Sehemu kubwa ya jibu hilo imo ndani ya chuma, raba na nyaya, na fundi yeyote makini wa Babati anaweza kuikagua kwa asubuhi moja. Sehemu iliyobaki imo nyumbani, katika namna familia inavyomkabidhi kijana chombo na katika deni inalomfunga nalo. Msimamo wangu nauweka mapema: dereva wa miaka 18 atakosea. Atachelewa kukanyaga breki, atapima vibaya umbali wa lori linalokuja, ataingia kwenye kona kwa kasi iliyozidi. Kwa hiyo gari lichaguliwe kwa kuifikiria siku ya kosa hilo.

Tuanze na barabara atakazopita. Babati ni njia panda. Ya Arusha inapita Magugu na Minjingu hadi Makuyuni. Ya Singida inapita wilaya ya Hanang. Ya Dodoma inapita Bonga, Bereko, Kolo na Kondoa. Hiyo ya mwisho, kilomita 251 za lami, ilizinduliwa rasmi Aprili 2018, na tangu hapo mabasi na malori ya kati ya Dodoma na Arusha yanakatiza mjini kwetu. Kijana aliyejifunza usukani kwenye vumbi la mtaani Bagara anaweza kujikuta, dakika chache baadaye, mbele ya basi la masafa marefu ambalo dereva wake anafukuzana na muda. Mjini kikomo ni kilomita 50 kwa saa, lakini lami laini yenye mteremko humfanya mgeni wa usukani asijue kwamba amefika 80. Masika nayo hugeuza njia zetu za ndani kuwa utelezi, na jioni kuna ng'ombe wanaorudi, bajaji zisizo na taa ya nyuma, na matrekta ya matela yanayotoka mashambani.

Shirika la Afya Duniani linasema ajali za barabarani ndizo zinazoua kuliko kitu kingine chochote watu wenye umri wa miaka 5 hadi 29, na kwamba kila mwaka hufa watu wapatao milioni 1.19 kwa ajali hizo duniani kote. Waliochunguza madereva wachanga wamekuta jambo ambalo kila mzazi analihisi: tatizo lao kubwa ni kutoiona hatari mapema, na hatari huongezeka usiku, na huongezeka tena gari likijaa vijana wenzao. New Zealand ililitungia sheria mwaka 1987. Dereva mpya hupewa leseni kwa hatua. Katika hatua za mwanzo haruhusiwi kuendesha peke yake usiku wala kubeba wenzake bila msimamizi. Nchi nyingi zimefuata. Kwetu kuna leseni ya mwanafunzi na herufi L, halafu mtihani, halafu leseni kamili. Aliyefaulu Ijumaa anaweza Jumamosi usiku kuondoka na marafiki wanne kwenda Arusha bila kuvunja sheria yoyote. Pengo hilo limeachiwa familia, na nitalirudia.

Sasa pikipiki. Ndiyo chombo cha kwanza cha kijana wa kawaida wa Bagara, na sitawahubiria wazazi kana kwamba hawana akili. Boxer au TVS mpya ni karibu milioni tatu, IST ya mtumba ni milioni kumi na kitu, na fedha ya mbaazi haigawanyiki mara mbili. Lakini tuseme ukweli wa fizikia yake. Kwenye gari, kosa la kijana hupokelewa kwanza na bampa, kisha bodi, kisha mkanda, kisha eabegi. Kwenye pikipiki hupokelewa na goti na kichwa chake. Hakuna pikipiki salama kwa mwanagenzi; kuna inayopunguza madhara. Familia ikilazimika, inunue kofia ngumu mbili zenye kamba inayofungika, moja ya abiria, kabla ya kununua redio na mapambo. Na ikiwezekana kijana aendeshe mwaka mzima mchana tu.

Kuna jambo baya zaidi ya chombo chenyewe, nalo ni mkataba. Wanaoishi na bodaboda wanalijua vizuri: mtu mwenye fedha ananunua pikipiki, kijana anapeleka hesabu kila siku au kila wiki, na baada ya mwaka au zaidi chombo kinakuwa chake. Kwa aliyezoea barabara ni njia halali ya kumiliki mali. Kwa mwenye miaka 18 ambaye hajawahi kuendesha kwenye mvua, hesabu ndiyo inayoshika usukani. Saa kumi na mbili jioni bado amepungukiwa elfu nne, anachukua abiria wawili badala ya mmoja, anapita upande wa kushoto wa lori. Nimekaa na vijana hawa kwenye vijiwe. Hawapendi kifo. Wanaogopa simu ya mwenye chombo.

Wazo la mjomba, IST ijilipe yenyewe, linaangukia humo humo. Magari madogo yanayokimbiza abiria vijijini, yale ambayo watu huyaita michomoko, yanaishi kwa hesabu. Probox iliyotengenezwa kubeba watu watano unaikuta na saba au wanane, mmoja akishiriki kiti na dereva. Kijana anayeanzia hapo hujifunza udereva akiwa na mkono wa mtu mwingine juu ya gia. Tena leseni ya kubeba abiria ni daraja lingine kabisa na ile ya gari binafsi. Kama gari ni lazima lizalishe, lizalishe mikononi mwa mtu mzima kwa mwaka wa kwanza, na kijana aliendeshe kwa shughuli za nyumbani: kupeleka mbolea shambani, kumleta bibi hospitali, kufuata mzigo stendi. Familia itapata faida ndogo zaidi mwaka huo. Naona ni bei inayolipika.

Baada ya hapo ndipo tuje kwenye gari lenyewe, na mtego wa kwanza uko kwenye namba.

Watanzania tunapima umri wa gari kwa herufi ya kibao. Namba C ni ya zamani, D ni ya kati, E ni mpya. Dalali anapopiga simu hutanguliza hiyo: "Mzee, ni namba E, kama imetoka bandarini jana." Pengine kweli imetoka bandarini jana. Herufi hiyo inaonyesha gari limesajiliwa lini Tanzania. Haisemi lilitengenezwa lini Japani. IST ya mwaka 2003 inaweza kuvaa namba E, na Corolla ya mwaka 2008 ikavaa namba C kwa sababu iliingia nchini mapema. Kinachosema kweli ni kadi ya gari, penye mwaka wa kutengenezwa, na namba ya chasisi iliyogongwa kwenye chuma. Visipolingana, ondoka.

Kwa nini magari makongwe hivyo yanaingia bado? Kenya hairuhusu gari la mtumba lililozidi miaka minane. Sisi hatukuweka ukuta, tumeweka ushuru. Gari dogo lenye umri wa miaka minane hadi kumi hutozwa nyongeza ya asilimia 15, na lililozidi kumi asilimia 30, juu ya ushuru wa forodha wa asilimia 25 na VAT ya asilimia 18. Kuna pia ushuru wa bidhaa kwa ukubwa wa injini: hadi cc 1000 hakuna, 1001 hadi 2000 ni asilimia 5, zaidi ya hapo ni asilimia 10. Mfumo huu umefanya jambo jema moja, umewasukuma watu kwenye injini ndogo. Lakini gari kongwe linanunuliwa Japani kwa bei ya chini mno, kiasi kwamba hata likibebeshwa asilimia 30 bado ni rahisi kuliko changa. Mzazi wa Bagara anaishia na gari lenye umri mmoja na mwanawe, au linalomzidi.

Umri huo una uzito katika usalama kuliko kwenye mwonekano. Japani ililazimisha mfumo wa kielektroniki wa kuzuia gari lisiteleze kombo, ambao Toyota huuita VSC, kwa modeli mpya za magari ya kawaida kuanzia Oktoba 2012, na kwa modeli zilizokuwa zikiendelea kutengenezwa kuanzia Oktoba 2014. Mfumo huo husoma usukani na mzunguko wa kila tairi. Gari likianza kuchota upande, hukanyaga breki ya tairi moja peke yake na kulirudisha njiani. Utafiti wa taasisi ya bima za magari ya Marekani, IIHS, umeonyesha kwamba unapunguza kwa karibu nusu hatari ya ajali za vifo zinazohusisha gari moja tu, yaani zile za kuacha njia na kupinduka. Ndizo ajali za vijana. Taasisi hiyo hiyo inashauri dereva mchanga apewe gari lenye mfumo huo, lisilo dogo kupita kiasi, na lisilo na nguvu nyingi.

Hapo Mark X ya kwenye simu inaanguka yenyewe. Injini ni ya silinda sita, lita mbili na nusu au zaidi, na kwa kawaida inasukuma matairi ya nyuma. Ukikanyaga mafuta kwenye kona yenye maji, mkia unatoka. Dereva mzoefu huurudisha. Mwanagenzi hukanyaga breki, na ndiyo kosa lenyewe. Crown, Altezza na GX100 nazo kwa kawaida husukuma matairi ya nyuma. Namwelewa kijana anayezipenda, ni magari mazuri. Ayanunue akiwa na miaka 25 na fedha zake.

Passo ya lita moja iko upande wa pili: rahisi, inakunywa mafuta kidogo, ushuru mdogo. Kwa safari za Bagara na stendi inatosha. Kwa barabara kuu siipendi, kwa sababu kuwapita wengine inachukua muda mrefu mno, na uzito wake mdogo hauna ubishi na lori.

Katikati ndipo ninapomwelekeza mzazi: ukoo wa Corolla, yaani Axio na Fielder, pamoja na Allion na Premio, zote za lita moja na nusu, halafu Vitz ya kizazi cha pili, iliyoanza mwaka 2005, halafu IST. Sababu ya kwanza ni injini. Ile iitwayo 1NZ imo kwenye IST, Probox, Allion, Axio za mwanzo na baadhi ya Vitz, kwa hiyo fundi wa Babati ameshaifungua mara nyingi kuliko anavyoweza kukumbuka, na spea zake hazihitaji kuagizwa Dar es Salaam. Gari linalotengenezeka kwa urahisi hutengenezwa mapema, na breki zilizotengenezwa mapema ni usalama. Sababu ya pili ni bodi. Yaris, ambayo ndiyo Vitz hiyo ya 2005 kwa jina la Ulaya, ilipata nyota tano katika majaribio ya Euro NCAP mwaka huo. Tahadhari moja: iliyojaribiwa ilikuwa na eabegi nyingi kuliko Vitz nyingi zilizouzwa Japani kwenyewe, ambako za pembeni mara nyingi zilikuwa za kuongezea fedha. Uangalie nembo ya eabegi kwenye nguzo na ubavuni mwa kiti. Usinunue nyota za gari la mtu mwingine.

Na eabegi yenyewe inaweza kuwa hatari. Kampuni ya Takata ya Japani ilitengeneza vijazio vya eabegi kwa kemikali ya amonia naitreti, ambayo kwa miaka ya joto na unyevu huharibika. Mfuko unapofyatuka, kopo la chuma hupasuka na kurusha vipande usoni mwa dereva. Vijazio vilivyoitwa kurudishwa duniani vinazidi milioni 100, na kampuni iliomba kufilisiwa Juni 2017. Corolla, Vitz na RAV4 za miaka ya 2000 zimo kwenye orodha. Baadhi zilibadilishiwa Japani kabla ya kusafirishwa, nyingine ziliondoka hivyo hivyo. Namba ya chasisi ikiingizwa kwenye tovuti ya Toyota Japani, jibu hutoka. Ni kazi ya dakika tano kwa kijana mwenye simu, na sijaona dalali anayeifanya.

Siku ya ukaguzi mchukue fundi wako, asiwe wa muuzaji, na nenda asubuhi injini ikiwa baridi. Washa swichi bila kuwasha injini. Taa ya eabegi na ya ABS lazima ziwake kwanza, kisha zizime zenyewe baada ya sekunde chache. Zisipozimika kuna hitilafu. Zisipowaka kabisa ni mbaya zaidi, kwani huenda mtu amezikata ili usijue. Vuta kila mkanda hadi mwisho, na wa nyuma pia. Chini karibu na sakafu kuna lebo yenye tarehe, na mkanda wenye tarehe ya baadaye kuliko gari umebadilishwa, pengine baada ya ajali. Funua kapeti la buti, tazama sakafu: bati lililonyooshwa huacha mikunjo na rangi isiyofanana. Mafundi wa kunyoosha wana mikono mizuri, gari lililogongwa wanaweza kulifanya liling'ae. Lakini chasisi iliyopinda ikinyooshwa haikunji tena pale ilipokusudiwa kukunja, na siku ya kugonga nguvu huingia kwa abiria.

Kilomita kwenye dashibodi usiziamini sana, hurudishwa. Amini pedali ya breki iliyolika na usukani uliong'aa. Kwenye tairi soma tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT: 2316 ni wiki ya 23 ya mwaka 2016. Tairi linaweza kuwa na kashata zote na likawa limekauka. Kwenye lami ya moto ya Minjingu hupasuka. Nakushauri utenge fedha ya matairi manne mapya ndani ya bei ya kununulia, hata kama inamaanisha gari lenyewe liwe la bei ndogo zaidi.

Halafu usiliinue. Najua barabara zetu za ndani, na najua kwa nini mafundi huweka spesa juu ya shokapu ili chini pasigonge. Gari fupi lililoinuliwa huyumba zaidi kwenye kona na taa zake hukaa juu zaidi, zikimpofusha anayekuja. Rimu kubwa na tairi nyembamba ni balaa jingine. Kijana atayataka yote mawili, na hapo mzazi awe mgumu.

Taa zinastahili neno lake. Magari mengi ya mtumba yana vioo vya plastiki vya taa vilivyopata umanjano kwa jua, na mwanga unaotoka ni hafifu. Kati ya Minjingu na Kwakuchinja wanyama huvuka barabara kutoka Tarangire kwenda upande wa Ziwa Manyara. Pundamilia katikati ya lami saa mbili usiku haonekani mpaka awe karibu mno. Kusugua taa hakugharimu sana na hufanyika hapa hapa mjini.

Bima nitaipitia upesi. Bima ndogo ni lazima kisheria na kwa gari binafsi ni shilingi 118,000 pamoja na VAT. Humlipa uliyemgonga, si wewe. Bima kubwa kwa kawaida huanzia asilimia 3.5 ya thamani ya gari. Kwa dereva wa mwaka wa kwanza ningeikata kubwa, hata kwa kukopa.

Limebaki lile pengo la sheria, ambalo nyumba inapaswa kulijaza. Si lazima liandikwe, lakini lisemwe siku ufunguo unapokabidhiwa, baba na mama wote wakiwepo ili kijana asipate upenyo kati yao. Miezi mitatu ya kwanza: mchana tu, ndani ya mji na hadi Bonga, abiria wawe wa nyumbani. Kila aliyemo amefunga mkanda, na wa nyuma pia. Asipofunga, gari halitoki. Simu inakaa kwenye droo ya gari. Miezi mitatu inayofuata: Magugu na Minjingu, mchana, mtu mzima pembeni, kijana ajifunze kubaki nyuma ya lori dakika kumi bila kulipita. Arusha baada ya hapo. Usiku baadaye kabisa.

Mwisho kuna ule mteremko wa kutoka Bashnet kushuka Dareda, kwenye ukuta wa Bonde la Ufa. Huko breki huiva. Mafuta ya breki yaliyokaa miaka bila kubadilishwa hunyonya maji, maji huchemka, na pedali inazama hadi sakafuni bila gari kupungua. Magari mengi ya oto yana L na 2 kwenye gia kwa ajili ya mahali kama hapo, na wapo wenye magari miaka mingi ambao hawajawahi kuzigusa. Mafuta ya breki yawe yamebadilishwa wiki hiyo. Mzazi akae kiti cha kushoto, lori lililo nyuma liachiwe lipite, na gia iwekwe L kabla ya kona ya kwanza.